Upofu wa Kuombea Ruhusa

Jumatatu, 5 Machi 1951
Nimenyimwa ruhusa tena. Nyapara Kibet asema karani wa ghala kama mimi haendi kwao hadi Krismasi. Tangu Krismasi iliyopita sijamwona mke wangu Tryphosa. Namtamani hata akinigombeza. Kichwa kinanigonga, kosa la Kibet. Basi, kuanzia kesho mimi ni kipofu. Kipofu atawekwa ghalani afanye nini?

Jumatano, 7 Machi
Upofu waendelea vizuri. Asubuhi nimesalimia gunia la mahindi, nikaliuliza habari za watoto. Vibarua wamenihurumia. Mchana Kibet akaja kimya kimya, akaweka sahani ya nyama mbele yangu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ubavu ulionona. Njia ya mwongo ni fupi. Kesho ananitoa hapa Soy kunipeleka hospitali ya Eldoret, daktari aniumbue.

Alhamisi, 8 Machi
Daktari amechungulia ndani ya macho yangu kwa taa ndogo, karibu sana, nikaogopa atamkuta Tryphosa humo. Akanifunga mkono kwa mpira, akapima. Dresa Kimeli, msaidizi wake, akanifasiria: damu ina nguvu kupita kiasi, mishipa midogo nyuma ya macho inavuja. Ndiyo inayoumiza kichwa pia. Daktari akauliza kama naona ukungu. Kweli, hesabu za ghala zina ukungu siku nyingi. Nilidhani ni wino mbaya. Nimelazwa hapa hapa. Chumvi marufuku. Kibet ameondoka bila kucheka, na hilo ndilo limenitisha.

Alhamisi, 15 Machi
Tryphosa amekuja! Kibet ndiye aliyempelekea habari. Simsamehe, mpango ulikuwa wangu. Ana harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Mikono yake nimeishika, sauti ni ile ile, lakini uso ni doa tu. Miezi yote hii nimeungoja uso ule. Nikamwambia amependeza. Akasema amekonda kwa hofu.

Jumamosi, 17 Machi
Daktari amefurahi. Damu imeanza kutulia. Nikishika masharti, huenda ukungu ukaondoka. Tryphosa akamshukuru Mungu, kisha akasema nikipata nafuu atarudi kupanda kabla ya mvua.

Uso wake nautaka sana. Lakini akienda zake, nitautazamia wapi? Mgonjwa wa kitanda cha pili ameficha chumvi kwenye karatasi. Nimempa maziwa yangu, naye kanigawia. Nitatia kidogo kwenye uji, siku mbili tatu tu, halafu naacha.

Uji nimeumaliza wote, Tryphosa akanisifu. Macho yatangoja.