Kaka wa Bi Persis

Jumatatu, 10 Mei 1971

Amekuja! Bi Persis Kemuma, mkufunzi mpya wa jiografia hapa chuoni, kwao Kenyenya. Nilimwona akitundika ramani ukutani, nikasahau somo langu la historia katikati. Lazima nimwoe. Vizuizi viwili. Ogada wa hesabu, ambaye tayari amemchongea penseli. Na Mkuu wa chuo, Mwalimu Josiah, aliyekataza mwanamume yeyote kukanyaga nyumba za wakufunzi wa kike, isipokuwa ndugu.

Jumanne, 11 Mei

Nimepata dawa! Nimemwambia Mkuu kwamba mimi, Zachariah Nyangate, ni wa ukoo mmoja na Bi Persis. Babu yangu alihama Kenyenya akaja hapa Sironga. Uongo mtupu, lakini umepita. Ruhusa kila jioni! Bi Persis alifurahi mno, akaniita kaka, akanipikia chai. Ogada alipita nje akichungulia. Shauri yake.

Alhamisi, 13 Mei

Nilikuwa nanyoa ndevu ndipo likanijia: watu wa ukoo mmoja hawaoani. Nimejikata kidevu. Mgusii mzima, tena mwalimu wa historia, nimesahauje? Nimejituliza. Acha anizoee kwanza, kisha nitasema nilimchanganya babu na mtu mwingine.

Jumamosi, 15 Mei

Mama yake, Mama Bathsheba, amekuja kutoka Kenyenya kuniona. Alinishika uso, akanigeuza huku na huku, akasema paji hili ni la kwao kabisa. Nikasema huenda nimekosea kuhusu babu. Akacheka, akasema naona haya tu. Kisha akatuma mtu kumwalika baba yangu kesho, aje kula jogoo.

Jumapili, 16 Mei

Tumaini langu lilikuwa baba. Anajua fika kwamba asili yetu si Kenyenya. Njiani nilimsihi aseme ukweli, akaahidi. Akala. Akapewa firigisi, heshima ya mzee. Akasimama, akamshukuru Mungu kwa kumrudishia jamaa zake waliopotea! Nilimvuta nje. Hakuona aibu hata kidogo.

"Watu wamenipa firigisi," alisema. "Nitawaambiaje si wangu?"

Jumatano, 21 Julai

Nimekwisha. Bi Persis alinimiminia chai, akasema Ogada anataka kumwoa. Kumbe muda wote huu, mimi nikinywa chai ya kaka, wao walikuwa wakikutana maktabani! Mama Bathsheba anasita kwa sababu Ogada ni mtu wa ziwani, si Mgusii.

"Kaka, wewe watakusikiliza," alisema. "Nisemee."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Nikakubali. Kwa nini nimekubali? Nampenda, ndiyo sababu. Nampenda kweli, na sina wa kumwambia.

Jumamosi, 7 Agosti

Wazee wa Ogada wamekuja Kenyenya. Nilikaa upande wa bibi harusi na kumsifu Ogada mpaka koo likakauka. Hanywi, hapigani, hesabu zake hazina kosa. Mama Bathsheba akalegea. Wakakubaliana. Ogada akanikumbatia, akaniita shemeji. Bi Persis alilia kwa furaha, akawaambia wote kwamba hajawahi kuona kaka kama mimi. Mimi nikapewa firigisi. Haikumezeka.

Jumatatu, 13 Septemba

Mkufunzi mpya wa muziki amefika! Bi Benter Aloo, kwao ziwani, kijiji kimoja na Ogada. Anavyocheka! Nilimsikia kutoka darasani, chaki ikanidondoka. Mkuu ameshamsomea sheria yake ileile. Lakini safari hii sibahatishi. Nimekwenda ofisini kabla mtu mwingine hajawahi, nikamweleza Mkuu kwamba Ogada ni shemeji yangu, Bi Benter ni binamu wa Ogada, kwa hiyo mimi na yeye ni ndugu. Ameniruhusu kila jioni. Bi Benter amefurahi sana. Ameshaanza kuniita kaka.