Nilivyoikamata Kampuni Yetu ya Basi kwa Uongo wa Saa Sita

Jailos, na wenzangu wote mliobaki Makongolosi,

Leo nimechekwa na kampuni nzima. Si mtu mmoja, si wawili. Ukumbi mzima wa shule ya misheni, pamoja na mwenyekiti, ambaye watu wanasema hajacheka tangu ng'ombe wake afe. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na madereva wa malori. Wale wataongeza chumvi, na ya leo inatosha.

Mnajua nilipoacha kazi huko nilirudi Uyole kulima viazi. Viazi vilikubali. Nikanunua hisa tatu katika kampuni mpya ya basi litakalotoka Mbeya kwenda Iringa. Moja yangu, moja ya mdogo wangu Tusekile, moja ya Lugano, yule wa mwisho anayesoma Iringa. Tangu wazazi watutoke, mimi ndiye baba na mama wa nyumba ile. Nilitaka hata nikiondoka mimi, hao wawili wabaki na kitu chenye majina yao.

Basi lenyewe linaanza safari Jumatatu. Na kanuni ya kampuni ni hii: anayetaka kujitoa ajitoe leo, siku ya mkutano, na nafasi yake iuzwe papo hapo kwa anayengoja. Baada ya leo hakuna kutoka kwa miaka miwili. Kwa hiyo nilikuwa na juma moja la kujua kama mali ya wadogo zangu nimeiweka mahali pazuri au nimeitupa shimoni. (Mashimo mnayajua ninyi wachimba dhahabu.)

Kampuni ilikuwa imetoa taarifa gazetini. Nzuri sana. Basi imara, viti laini, safari ya mchana tu, abiria atalala Iringa kitandani kama Mkristo. Nikaikata nikaibandika kwenye daftari. Lakini kampuni inayoomba leseni hupeleka karatasi nyingine Boma, na Boma huibandika ubaoni ili mwenye pingamizi aseme. Nikajiambia, gazetini mtu husema anavyotaka aonekane. Boma husema yale anayoweza kuulizwa. Jumatano nikaenda mjini kwa miguu, penseli nyuma ya sikio. (Niliishia darasa la nne, lakini mngeniona mngesema mkaguzi huyo.)

Karatasi ya Boma ilikuwa imepigwa chapa kwa Kiswahili safi. Nikasimama ubaoni nikalinganisha mstari kwa mstari. Viti, sawa. Nauli, sawa. Mizigo juu ya paa, sawa. Nikaanza kuona haya kwa kuwashuku watu wema.

Halafu nikafika kwenye saa.

Gazetini: kuondoka Mbeya saa 1, Chimala saa 3, Makambako saa 7, kufika Iringa saa 11. Karatasi ya Boma: kuondoka Mbeya saa 7, Chimala saa 9, Makambako saa 1, kufika Iringa saa 5.

Nilisoma mara tatu. Kumbe basi linaondoka saa saba mchana, watu wameshakula. Makambako linafika saa moja, giza limeingia, na baridi ya kule mnaijua. Iringa linaingia saa tano ya usiku. Safari ya mchana gani hiyo? Nikamwona Lugano wangu akishushwa usiku na sanduku lake la bati, hana pa kwenda.

Nikanakili yote. Furaha ilinijaa. (Nasema kweli. Mtu akimkamata mwongo kwa mara ya kwanza husikia raha.)

Nyumbani nilimwambia Tusekile jambo moja tu: "Kampuni inatudanganya. Jumamosi tunatoa hisa zote."

"Inatudanganya nini, kaka?"

"Utasikia mkutanoni."

"Si uniambie sasa?"

"Utasikia mkutanoni."

Tusekile amemaliza darasa la nane na anangoja nafasi ya ualimu. Ningemwonyesha daftari, haya yote yasingetokea. Lakini nilitaka asikie pamoja na watu, amwone kaka yake.

Basi leo tukafika mapema. Katibu wa kampuni, kijana mmoja mtaratibu mwenye miwani, alikuwa mezani na kitabu cha kujitoa. Nikatoa karatasi ya hisa yangu, nikatia sahihi. Nyuma yangu alikuwa anangoja mfanyabiashara wa mpunga kutoka Chimala, Mzee Sadala, mtu mnene mpole. Akalipa, akachukua. Mimi nikatia fedha mfukoni. Dakika mbili zilitosha.

Nikamgeukia Tusekile. Yeye ndiye anayetunza karatasi yake na ya Lugano, kwa sababu mimi niliwahi kuwasha jiko kwa barua ya shule.

"Lete hizo mbili."

"Sileti mpaka nisikie wanajibu nini."

"Tusekile."

"Kaka, umesema nitasikia mkutanoni. Sijasikia."

Akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kukaa upande wa akina mama. Nikamwacha. Nikasema moyoni, baada ya nusu saa atakuja mbio mwenyewe.

Mwenyekiti akafungua kwa sala. Akauliza kama kuna neno. Nikasimama. Ndugu zangu, sijawahi kusimama vizuri namna ile.

"Mimi ni mkulima," nikasema. "Sikusoma sana. Lakini nimesoma karatasi mbili za kampuni hii, na haziongei lugha moja."

Nikaanza kusoma polepole. Gazeti linasema Mbeya saa moja, Boma inasema saa saba. Watu wakanong'ona. Gazeti linasema Chimala saa tatu, Boma inasema saa tisa. Manung'uniko yakapanda. Nilipofika Iringa saa tano, mama mmoja Mhehe akasimama kabisa.

"Saa tano usiku? Na watoto? Nyie mna akili kweli?"

Mzee mmoja akamwuliza katibu kama ndiyo maana basi limefungwa taa kubwa. Nikainua mkono watulie. (Nilikuwa nimeshaanza kuinua mkono watu wanatulia.)

"Angalieni jambo moja," nikasema. "Tofauti ni saa sita. Kila mstari, saa sita. Hakuna hata mstari mmoja uliozidi au kupungua. Hiyo si bahati mbaya. Huo ni mpango."

Nikaketi. Watu wawili walikwishaanza kusogea kwenye kitabu cha kujitoa. Mzee Sadala naye alikuwa ameishika ile karatasi yangu mbali kidogo na mwili, kama mtu aliyeokota kitu njiani na sasa hataki kuonekana nacho.

Katibu hakukasirika. Laiti angekasirika. Akaja mpaka nilipo, akaomba daftari, akasoma. Akaniangalia juu ya miwani. Kisha akatoa saa yake ya mfukoni, akaifungua, akaniwekea mbele ya macho.

"Bwana Ambokile, saa ngapi sasa?"

"Saa tano kamili." (Saa naisoma vizuri, msiniongezee makosa.)

"Mshale mfupi umeelekea namba gani?"

"Kumi na moja."

"Na jioni basi likifika Iringa saa kumi na moja, mshale utaelekea namba gani?"

Hapo nikaelewa. Nilielewa kabla ya ukumbi mzima, isipokuwa mtu mmoja, maana upande wa akina mama nilisikia kicheko kimeanza, na kicheko kile nakijua tangu kikiwa mgongoni kwa mama.

"Tano," nikasema.

"Sikusikia."

"Tano."

Fomu ya leseni hujazwa kwa Kizungu, akaeleza. Karani wa Boma alipoipiga chapa kwa Kiswahili alitafsiri maneno yote, namba akaziacha zilivyo. Saa ya Kizungu, nguo ya Kiswahili. Nami nilikaa miaka minne kazini huko Makongolosi nikiitwa saa saba ya Mzungu na kwenda saa moja asubuhi bila kukosea hata siku moja.

Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akavua kofia akajipepea. Yule mama Mhehe akaniambia, "Baba, umetutisha bure, lakini umesoma vizuri." Na mwenyekiti alipopata pumzi akaagiza karatasi ya Boma ikaandikwe upya, yaongezwe maneno asubuhi na jioni. Hilo naomba mlihesabu upande wangu.

Nikamfuata Mzee Sadala na fedha mkononi.

"Mzee wangu, naomba tubadilishane tena."

"Mwanangu," akasema kwa upole, "ulipokuwa unasema nilitaka nikurudishie hii karatasi hata bure. Sasa umetuhakikishia basi linatembea mchana. Nikurudishie kwa nini?"

Nikarudisha fedha mfukoni.

Tusekile alifungua pindo la kanga, akahakikisha karatasi zake mbili zipo, akalifunga tena. Zipo salama, yake na ya Lugano. Hilo ndilo nililolitaka tangu mwanzo, nalo limetimia kwa kuwa mtu mmoja hakunisikiliza. Njiani kurudi Uyole, tulipovuka daraja, akacheka tena.

Jumatatu nakwenda Iringa kumwona Lugano. Basi ni la wadogo zangu, mimi ni abiria, na nauli nimeambiwa ni kamili. Msinicheke sana, nina kaya ya kuongoza. Jioni hii Tusekile ameniuliza nitakuwa kituoni wakati gani. Nikamwambia saa moja.

Akaniuliza, "Ipi, kaka?"