Mama Mkwe, Tope na Mfereji wa Kambale

Jamani, leo nimeadhirika. Sina pa kuficha uso, ndiyo maana nimekimbilia mjini, nimejibanza kwenye hii intaneti kafe nawaandikia ninyi mlio mbali. (Walio karibu wameshajionea wenyewe.)

Mnajua kazi yangu hapa Nzuguni. Natunza mfereji wa kambale. Kambale akisikia mvua ya kwanza anatoka bwawani, anapanda kijito kwenda kutaga. Tatizo, kijito chetu kinajaa asubuhi, jioni kimekauka, mayai yanabaki juani. Ndipo kikundi chetu kikachimba mfereji pembeni, wenye nyasi za mayai kushikia na maji yasiyokimbia. Msimu uliopita ng'ombe waliukanyaga, mlango ukazibwa na tope, samaki wakakosa pa kuingilia. Bwawa likabaki na vyura. Mwaka huu nikaapa: hapana!

Usiku mvua imepiga. Kulipopambazuka nikavaa mabuti na suruali yangu ya mtumba (ya mzungu fulani mnene, Mungu ambariki popote alipo), nikaikaza kiunoni kwa kamba ya wavu. Nafika, naona kambale wamerundikana mdomoni mwa mfereji, migongo nje, masharubu yanacheza. Na mlango wa mbao umefukiwa na tope tena! Nikaruka ndani na jembe.

Nikachota. Nikachota. Mlango ukalegea. Nataka kugeuka niuvute... miguu haiji. Tope limenishika magotini. Nikajitikisa, likafika mapajani. Nikajitikisa tena, likafika kiunoni. Na maji nayo yanapanda. Hapo utani uliisha, ndugu zangu. Nilipiga yowe ambalo sikujua kama ninalo.

Wakatokea akina mama wanne wanakwenda shamba, majembe begani. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikamtambua aliyetangulia.

Mama mkwe!

Huyu mama, tangu nimuoe binti yake, hatujawahi kukaa mkeka mmoja. Tukionana njiani mmoja wetu anaingia porini, ndiyo heshima ya mkwe huku. Na mimi, mtu wa kuja kutoka Kolo, nimejitahidi miaka yote nionekane mkwe wa maana.

"Shikamoo, mama," nikasema, nusu yangu ikiwa ardhini. (Adabu kwanza.)

"Marahaba, baba Neema. Unafanya nini humo?"

"Nimekwama, mama."

Hakucheka. Alivua khanga yake ya juu, akaiunganisha na za wenzake, akanirushia ncha. Halafu akawaambia, "Geukeni. Huyu ni mkwe, hatazamwi akiwa hivyo."

Wote wakanipa mgongo. Wakaweka khanga begani, wakavuta huku wakiimba. Nikasogea. Nikakumbatia ule mlango wa mbao, ukang'oka pamoja nami. Lakini kamba ya wavu ikakatika. Nikatoka mimi. Mabuti yakabaki. Suruali ikaona vibaya kuyaacha mabuti peke yake. (Kuhusu chupi, naomba tusifike huko.)

Nikajikunja nyuma ya matete. Mama mkwe, bado kanipa mgongo, akauliza, "Tayari?"

Saa hiyohiyo kambale wa kwanza akapita mlangoni. Wa pili. Kundi zima! Wanasukumana kama sisi enzi zile za foleni ya sukari. Msimu mzima nimeota jambo hilo. Nikasahau nilivyo, nikaruka juu, mikono hewani:

"Tayari, mama! Tayari kabisa!"

Wakageuka.

Na mikono yangu bado iko hewani.

Mama mkwe akainua macho mbinguni, akayaacha hukohuko. "Baba Neema," akasema taratibu, "nilikuwa nauliza kama umejisitiri."

Mama Yohana, jirani yangu, ndiye aliyeanza. Akacheka mpaka akakaa chini. Wakafuata wengine. Khanga ikanijia kutoka kwa mtu anayetazama mawingu. Nikajifunga. Ilikuwa na maua mekundu.

Sasa sikieni. Siku ya mvua ya kwanza kila mtu hapa anawahi kupanda mbegu zake. Wale akina mama hawakwenda. Walishuka na majembe yao, wakazoa tope lote mpaka maji yakafika mwisho wa mfereji, wakawaongoza kambale waliokwama pembeni kwa mikono. Sikuwaomba.

Mama mkwe akaondoka wa mwisho. Akasimama, bila kunitazama.

"Ungezama humo, mwanangu ningemwambia nini?" Akapangusa tope kwenye jembe lake. "Siku nyingine ukija huku, pitia nyumbani uniite."

Uniite! Nyumbani kwake! Nililia kidogo, tope likanisaidia kuficha.

Basi niko hai, samaki wameingia, na nina mama wa pili. Chekeni tu, lakini mniombee: kesho ni Jumapili, na wale wanne ndio sauti ya kwanza ya kwaya, wanakaa wakitazamana na mimi.