Vita Baridi na Likizo ya Desemba

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Kambi ya wafanyakazi, Jebel Ali.

Mwaka wa tatu tangu niondoke Muleba. Mwanangu Anna alizaliwa nimeshapanda ndege. Sasa anatembea, anaongea, na anaiita simu baba. Chaji ikiisha analia kwamba baba amelala.

Leo Raed, msimamizi wa kambi, kasema Desemba chumba chetu kina likizo moja tu. Waombaji wawili: mimi Faustine, mpakiaji wa samani, na Isaiah, Mkenya, mlinzi wa geti la ghala. Tukubaliane wenyewe hadi Jumapili. Tukishindwa atachagua yeye, khalas.

Nikubaliane na Isaiah. Mtu anayeweka kiyoyozi baridi ya kuhifadhia nyama, kisha analala na mablanketi mawili.

Jumanne, 7 Oktoba.

Ibra wa Kondoa, mwenzetu chumbani, mtu mpole asiye na upande, kaleta wazo. Bintiye yuko kidato cha tatu, kapewa kazi ya nyumbani: Vita Baridi kati ya Marekani na Wasovieti ilianza lini na ikaisha lini? Atakayepatia aende nyumbani. Mwalimu akisahihisha, binti atatuma jibu. Tukakubali, tukapeana mikono mbele ya mashahidi.

Nilicheka moyoni. Shule niliacha kidato cha pili, lakini historia nilikuwa naipenda. Nikasema ilianza 1945, walipomaliza kumpiga Mjerumani wakabaki wanatazamana. Ikaisha 1989, ukuta wa Berlin ulipoanguka.

Isaiah, ambaye hapitishi wiki bila kututajia cheti chake cha kidato cha nne, kasema hapana. 1947 hadi 1991. Eti kabla ya 1947 Marekani ilikuwa haijatangaza msimamo wake. Eti ukuta ni matofali tu, dola yenyewe ilivunjika miaka miwili baadaye. Nikamwuliza tangu lini watu husubiri tangazo ndipo wachukiane. Mimi na yeye alitangaza nani?

Akasema wacha hizo, kaka, hiyo yako ni historia ya kijiweni.

Ya kijiweni. Mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba.

Tumepeleka meza Jumeirah Lake Towers. Bahati iliyoje: ofisi moja, Mrusi na Mmarekani wanafanya biashara pamoja. Nikaona niwaulize wenye vita yao. Mrusi kafikiri, akasema kwa upole kwamba haijaisha. Mmarekani kauliza vita gani, kisha akataka meza isogezwe dirishani. Watu hawa walitaka kuiteketeza dunia. Leo wanachangia maziwa ya chai.

Jioni nikampikia Ibra dagaa niliotumiwa kutoka Bukoba, niliokuwa nimewaweka kwa ajili ya Krismasi. Kala wote. Kasema 1945 ina uzito wake. Baada ya swala nikamkuta anatafuna chapati za Isaiah, miguuni ana soksi mpya za Isaiah, anasema 1947 nayo ina uzito wake.

Nilimwambia aone haya. Akanikumbusha kuwa hata nchi yetu enzi zile haikufungamana na upande wowote, na wageni wote walikaribishwa na mizigo yao.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Isaiah kanifuata kwenye foleni ya bafu. Kasema sikiza, jamaa yangu, tumalize hii maneno. Mwanzo uwe wako, mwisho uwe wangu: 1945 hadi 1991. Likizo tuigawe. Yeye nusu ya kwanza ya Desemba, mimi nusu ya pili. Krismasi niile Muleba. Kasema ameshamwuliza Raed, na Raed hana neno, ilmradi kazi isisimame.

Nikafikiri sana, taulo begani. Mkenya anipe Krismasi? Bure? Lazima kuna mtego. Halafu nikikubali 1991, nimekubali kwamba ukuta ni matofali.

Nikamwambia 1989 haina mnada. Akanitazama kama mtu anayemwona mwenzake akimwaga mchele. Akasema sawa tu, kaka.

Nimemweza.

Jumapili, 12 Oktoba.

Jibu limekuja. Siyo jibu. Kumbe swali lilikuwa la kujadili, na Ibra hakutuambia. Mwalimu kaandika kwamba wanahistoria wenyewe hawajaelewana: wako wa 1945, wako wa 1947, wako hata wanaorudi nyuma hadi 1917. Mwisho vilevile, 1989 au 1991, inategemea unatazama nini. Alama ni za hoja.

Mtu analipwa mshahara kuandika hivyo.

Tulikuwa bado tunabishana Raed alipoingia. Kauliza tumekubaliana nini. Nikasema 1989. Isaiah akasema 1991. Raed akasema yeye anauliza habari ya Desemba. Tukanyosheana vidole. Akasema basi Desemba ataenda Ibra.

Ibra. Alikuwa amepeleka ombi tangu Jumatano, endapo sisi wawili tutashindwana. Nikamwuliza, Ibra ndugu yangu, kweli? Akajibu bila kuinua uso kwamba wiki nzima tumemuuliza mambo ya Berlin, hakuna aliyemuuliza kama naye ana watoto.

Nilipiga simu nyumbani. Mama Anna akampa mtoto simu. Mtoto kaona uso wangu, akaanza kugonga kioo. Anasema, baba, toka.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Raed kasema nafasi nyingine ipo Machi. Moja. Mimi na Isaiah, tukubaliane.

Isaiah karudi na nusu kwa nusu yake. Nimekataa. Nimeshaelewa tulipokosea: tulichagua swali bovu. Vita isiyo na risasi utaijuaje imeisha? Safari hii swali nimetoa mimi, na halina ubishi. Vita ya Kwanza ya Dunia iliisha lini? Tarehe 11 Novemba 1918. Hiyo hata mjinga anaijua.

Isaiah kakubali upesi kuliko nilivyotarajia. Kauliza jambo moja tu: nauliza ilipoisha Ulaya, au ilipoisha kwetu Afrika Mashariki, wiki mbili baadaye?

Anataka kunivuruga.

Nimemwambia mama Anna aanze kumnenepesha mbuzi. Machi niko Muleba.