Pumzi ya Marehemu Kubwimana

Jumatatu, 3 Machi
Nimempata! Miaka hamsini hakuna aliyejua nani alipuliza saksafoni kwenye ile santuri iliyorekodiwa Bujumbura mwaka 1974. Jalada lina jina la mwimbaji tu. Nyuma kuna picha: wanaume sita, mmoja kashika saksafoni, na binti mmoja pembeni anafunga kitenge. Mzee wa duka la redio pale Sonatubes kamtambua mwenye saksafoni: marehemu Kubwimana. Norman, anayejiita bingwa wa muziki wa zamani kwa sababu tu alikulia Kampala na ana spika kubwa, kasema picha si ushahidi. Wivu.

Jumatano, 5 Machi
Redio imenikubali! Jumamosi, saa nne asubuhi. Nimewaambia nimetafiti miaka kumi na mmoja. Ni siku tisa. Mjane wa Kubwimana, Mama Xavérine, anaishi Kiyovu kwa binti yake. Norman kashauri nikamuulize kwanza. Nimuulize nini? Nimemtumia mwaliko tu, aje alie hewani. Chozi la mjane halina mpinzani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeeleza dakika ishirini jinsi pumzi ile ndefu inavyothibitisha kifua cha mwanamume wa milimani. Halafu Mama Xavérine akapewa maikrofoni. Hakulia.
“Mwanangu,” alisema, “mume wangu alikuwa dereva wa bendi. Alinishikia saksafoni nifunge kitenge.”
Mtangazaji akauliza, basi saksafoni ilikuwa ya nani?
“Yangu. Baba alikataa jina langu liandikwe.”
Wimbo ukapigwa. Vidole vyake vikawa vinatembea juu ya meza, kila sauti vikiitangulia kidogo. Mwishoni akalitaja jina lake lote, taratibu, kama anayelisoma kwenye jalada. Mtangazaji alilia. Fundi mitambo alilia. Mimi nina mzio wa mazulia ya studio.

Jumapili, 9 Machi
Norman kapiga simu. Kasema swali moja tu lingetosha. Anakwenda Kiyovu na daftari kumsikiliza mama, kanikaribisha. Sina nafasi. Nimempata mpiga ngoma! Katikati ya wimbo, ngoma zinaponyamaza kidogo, mtu anakohoa. Leo kanisani nimesikia kikohozi kilekile, benchi la tatu. Mwenye nacho hazidi miaka arobaini, lakini kikohozi hurithiwa. Sikumuuliza, asije akakana. Redio nimeshaiandikia.