Rula Mbili za Mtaalamu

Kupitia upenyo wa pazia, Mtaalamu aliliona baka kabla hajamwona mwenye baka. Lilikuwa karibu na sikio la mama mmoja wa makamo, la kahawia, limekaa juu ya ngozi kama nta iliyodondoka hapo. Akakohoa mara moja. Kinyozi, aliyekuwa na fungu lake katika kila kikohozi, akazima mashine.

“Samahani mama yangu. Hiki kidude kimeanza lini?”

Swali hilo limewatoa jasho watu wazima. Mtu anaingia kunyoa, anatoka anawaza wosia. Mama akaelekezwa chumba cha nyuma.

Mtaalamu hakuwa daktari, Mungu amsamehe. Alikuwa na koti jeupe, kioo cha kukuzia, chupa ya maji ya betri ya kuchomea ngozi za watu, na mdomo. Mdomo huo ndio uliomlisha tangu alipokuwa akinadi mitumba juani miaka ishirini, sigara haitoki pembeni. Na alikuwa na rula mbili zinazofanana. Ya kweli ilikaa mfuko wa kushoto. Ya mfuko wa kulia aliitengeneza mwenyewe, mistari yake imebanwa, hivyo kila kitu kilisomeka kikubwa. Jumamosi ya kwanza ulipimwa kwa ya kushoto, Jumamosi ya pili kwa ya kulia. Hakuna kinyama wala chunjua iliyowahi kukataa kukua.

“Milimita kumi na moja,” alimwambia mama. “Tuombe Mungu lisiongezeke.”

Wiki iliyofuata likawa kumi na sita.

“Haa! Kwa wiki moja?” mama akashika shavu.

“Linakimbia, mama. Tulichome leo leo.”

Mama akasogeza uso karibu. Alikuwa anautazama mdomo wa chini wa Mtaalamu, kwenye baka jeupe lenye magamba.

“Na hilo lako, mwanangu, la lini?”

“Hili? Ukavu tu huu.”

“Linabanduka, halafu linarudi?”

“Miaka miwili sasa.”

“Ukiligusa linakwaruza kama msasa?” Mama akavaa miwani. “Sikiliza. Hili langu ni baka la umri, ninalo miaka tisa, haliniwashi wala halinidai. Lako ndilo baya. Limeletwa na jua na sigara, na likiachwa linageuka saratani. Nenda kliniki ya ngozi.”

Mtaalamu alicheka hadi akashika meza. “Mama, maneno hayo nayauza mimi! Unataka kumuuzia mwenye duka?”

“Basi lipime.”

Akachomoa rula ya kushoto kwa mbwembwe, akajipima kwenye kioo. “Sita. Umeridhika?”

“Nimeridhika. Nipatie maji ninywe kidonge changu, baba.”

Akairudisha rula mfukoni, akatundika koti msumarini, akaenda kuleta maji. Aliporudi mama alikuwa amekaa kwa adabu, mikono mapajani. Akanywa, akasema ataenda kufikiria, akaondoka.

Mtaalamu alijisifu wiki nzima. Lakini usiku ulimi haukuacha kulipapasa lile baka. Jumamosi alfajiri, kabla wateja hawajafika, akatia mkono mfuko wa kushoto, mfuko pekee duniani aliokuwa akiuamini.

Tisa.

Akapima tena. Tisa. Akamtupia kinyozi koti: “Wa marudio wote, mfuko wa kulia!” Akatoka mbio.

Kliniki ya ngozi, daktari alilikagua baka na kukata kipande kidogo cha kupima. “Sidhani kama limeshageuka saratani. Ila lilikuwa njiani,” alisema, akalipuliza dawa ya baridi kali. Mdomo ukavimba ukawa kama andazi. Nesi aliyekuja na karatasi ya miadi alikuwa yule mama.

“Halikukua, mwanangu,” alisema. “Ni sita ile ile. Nilikwambia ukweli ukacheka, nikaona nikutibu kwa dawa yako. Wiki ya kwanza ulitoa rula kushoto, ya pili kulia; ulipokwenda kuleta maji nikazibadilishia mifuko.”

Mtaalamu akakumbuka koti alilomwachia kinyozi, rula ya kweli sasa ikiwa kulia.

Alifika kwa kinyozi anahema. Benchi la wateja lilikuwa tupu, na kinyozi amejishika kichwa. “Sijui tumerogwa! Wote kumi na wawili, hakijakua hata kimoja! Wamekwenda zao.”

Alibaki binti mmoja tu mlangoni, bibi harusi mtarajiwa mwenye alama ndogo nyeusi shavuni, ambaye leo ilikuwa zamu yake ya maji ya betri. Binti akamshika Mtaalamu mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

“Wenzako wangenichoma tu wale hela yangu. Kwako nimepimwa, ikaonekana haijakua, sikuguswa. Sijawahi kuona mtu mkweli kama wewe.”

Mtaalamu alitaka kumwambia akae, vipimo vimekosewa, tuanze upya. Mdomo ukatoa mate tu.

Binti akamfuta kidevu kwa leso yake, akampa pole, akaenda zake na uso wake mzima.