Amolo wa Tena Aipima Pampu ya Joto

Sogeeni, enyi watu wa Tena, nanyi wa Komarock msijifanye hamsikii. Wekeni chini vikombe vya chai mpate habari za Frankline Amolo, karani mwenye kitambi, mngurumaji wa mikutano ya wapangaji, ambaye asubuhi moja ya Julai, baridi ikiuma hadi kwenye kucha, alitoka kupigana na maji.

Amolo alikuwa amenunua pampu ya joto, chombo kinachovuta joto kutoka hewani na kulitia majini, akaitundika ukutani kama kichwa cha nyati aliyemuua mwenyewe. Mkewe Akech hakushangilia. Jirani yao Wachira, fundi wa viti pale Gikomba, alicheka mpaka akashika mlango.

"Buda, hiyo ni friji imechanganyikiwa," alisema. "Koili yangu ya stima, ukiitumbukiza tu, inachemsha ndoo ya maji kabla hujamaliza kupiga mswaki."

Amolo akajaza kifua, akanena kama anayehutubia taifa: "Ewe Wachira, mtumwa wa koili! Upesi si ubora. Leo mita ya stima ituhukumu. Nikishindwa, pampu hii itoke kwangu, nami niitwe mjinga mbele ya ploti nzima!"

"Itatoka," akasema Akech. "Na kuitwa utaitwa."

Basi vita vikaanza. Taa zikazimwa, friji ikazimwa, hata televisheni, katikati ya ibada aliyokuwa akiitazama Akech, ili mita isidanganywe. Koili ikatumbukizwa katika pipa la maji. Yakapata moto upesi, mita ikienda mbio kama mwizi anayefukuzwa. Amolo akachovya kipimajoto, akatikisa kichwa kwa huzuni ya majemadari. Wachira akayachukua maji hayo, akaenda kuoga.

Kisha pampu ikapewa maji kiasi kile kile, yafikie joto lile lile. Ikanguruma. Chai ikanywewa, ikanguruma. Chakula kikaiva kwenye gesi, ikanguruma, na shujaa wetu amesimama mbele ya mita, akiilinda dhidi ya majeshi ambayo hayakuwa na haja nayo.

Hatimaye akayafungulia maji yote ndooni, akayapima uani mbele ya majirani, akasoma mita. Koili ilikula yuniti tatu, pampu, moja.

Wachira, akinukia sabuni, akasoma mwenyewe mara mbili. "Sawa," alisema, amenuna. "Umenimaliza."

Amolo akapanda juu ya kiti. "Enyi kizazi cha koili!" akaanza, akaishukuru hewa, akawashukuru wazazi wake, akaushukuru ukuta, hata mvuke ukaisha ndooni. Akech akazibeba ndoo zilizopoa, akaloweka blanketi.

Mshindi akaingia bafuni, taulo begani, akafungua mfereji. Ukelele wake uliwafikia hadi waliokuwa barabarani.

"Mama Jacklyne! Maji moto yako wapi?"

"Yako kwenye blanketi, Baba Jacklyne. Pampu imeshinda, inabaki. Wewe oga."

Akaoga. Basi vizazi vijavyo na vijue: siku hiyo, katika ploti ya Tena, mwanamume mmoja aliushinda ulimwengu kwa yuniti mbili za stima, akatoka bafuni akitetemeka, midomo imebadilika rangi, bado anahutubia.